Kondoo wanashiba mabua ya mpunga lakini wanakonda: je, urea inafaa, na kwa kiasi gani?

Mfugaji wa Misungwi

Salaam, ndugu wafugaji na wataalamu. Ninafuga kondoo 32 katika kijiji kisicho mbali na Usagara, wengi wao wa asili na wachache waliochanganyika na Dopa, kondoo wa kisasa wa nyama. Tangu nyasi za ngitili, yaani eneo la malisho tunalolihifadhi kwa ajili ya kiangazi, zilipokwisha, chakula chao kikuu ni mabua ya mpunga niliyokusanya kwenye majaruba baada ya kupura, na mabua hayo ninayo kwa wingi kwa sababu majirani wengi huyachoma au huyaacha yaoze. Jambo linalonishangaza ni kwamba jioni matumbo ya kondoo huwa yamejaa, lakini ukipitisha mkono mgongoni unahisi kila pingili ya uti wa mgongo, kinyesi chao ni kikavu na kigumu, na siku zinavyokwenda wanaacha mabua mengi zaidi horini. Kati yao majike 11 wana mimba, na natarajia wazae mvua za vuli zikiwa zinaanza.

Jirani mmoja amenishauri nichukue urea ya mbolea, niiyeyushe kwenye maji na kuyanyunyizia mabua asubuhi kabla ya kuwalisha. Jirani mwingine amenionya kwamba urea ni sumu na inaweza kuua kundi zima kwa siku moja. Naomba kueleweshwa ni kwa namna gani mbolea ya mahindi inaweza kumlisha kondoo, kiasi kinachofaa ni kipi, na kama zipo njia nyingine zinazowezekana kwetu huku Kanda ya Ziwa bila kununua vyakula vya bei kubwa.

Mtaalamu wa Malisho

Ndugu mfugaji, majirani zako wote wawili wana hoja. Urea inaweza kuokoa kundi lako na inaweza kuliua. Tofauti iko katika kiasi na namna ya kuitumia. Naomba uniruhusu nianze na sababu, kwa kuwa mtu anayeijua sababu hukosea kipimo mara chache kuliko anayekariri kipimo peke yake.

Kondoo hana uwezo wa kumeng'enya nyuzinyuzi za mabua yeye mwenyewe. Kazi hiyo hufanywa na bakteria na vijidudu vingine vinavyoishi katika tumbo lake la kwanza, yaani rumeni. Vijidudu hivyo huhitaji nitrojeni, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye protini ya chakula, ili vizaliane, na vikikosa nitrojeni idadi yake hupungua, mabua hukaa tumboni muda mrefu bila kuvunjwavunjwa, na kondoo hawezi kula zaidi kwa sababu tumbo bado limejaa chakula cha jana. Ndiyo maana unaona tumbo lililojaa na mgongo uliokonda kwa mnyama huyo huyo. Kwa ujumla, chakula kikiwa na protini chini ya asilimia 7 au 8 ya uzito mkavu, vijidudu hushindwa kufanya kazi yake sawasawa, na mabua ya mpunga kwa kawaida yana asilimia 3 hadi 5 tu.

Sasa tufanye hesabu ya kondoo mmoja. Kondoo wa kilo 30 akila gramu 600 za mabua yenye protini asilimia 4, anapata gramu 24 za protini. Ili chakula hicho kifike asilimia 8, anahitaji gramu 48, kwa hiyo pengo ni gramu 24. Urea ina nitrojeni asilimia 46, na kwa kuwa protini hukadiriwa kwa kuzidisha nitrojeni mara 6.25, gramu moja ya urea ni sawa na takriban gramu 2.9 za protini machoni pa vijidudu vya rumeni. Gramu 8 za urea, basi, zinatosha kuziba karibu pengo lote. Vijidudu huigeuza urea kuwa amonia, hutumia amonia hiyo kujijengea miili yao, kisha husukumwa kwenda kwenye utumbo mwembamba ambako kondoo huvimeng'enya na kuipata protini yake. Kuku na nguruwe hawana rumeni, na kwa sababu hiyo urea haiwafai kabisa.

Gramu 8 ni kidogo sana, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukinyunyizia maji ya urea kwa makadirio ya macho, kondoo wenye nguvu hufika wa kwanza horini na kula sehemu iliyolowa zaidi. Urea nyingi ikiingia kwa mkupuo, amonia hutoka kwa kasi kuliko vijidudu vinavyoweza kuitumia, huingia kwenye damu, na ini hulemewa. Ndani ya dakika 20 hadi saa moja au mbili mnyama huanza kutetemeka, kutoa povu mdomoni, kuvimba tumbo na kuhema kwa shida, na wengi hufa kabla mtaalamu hajafika. Kwa hiyo sishauri kabisa kunyunyizia na kulisha papo hapo, na ninaomba usiweke urea kwenye maji ya kunywa kwa hali yoyote ile.

Njia ninayoipendekeza kwa mtu mwenye mabua mengi kama wewe ni kuyasindika mabua kwa urea na kuyafungia. Kwa kila kilo 100 za mabua makavu tumia kilo 4 za urea na lita 50 za maji. Hakikisha mfuko unaonunua ni urea yenyewe, kwa sababu mbolea nyingine kama CAN na DAP si mbadala wake. Fanya kwa mafungu madogo yanayopimika: tandaza kilo 20 za mabua juu ya turubai, pima gramu 800 za urea kwa mizani, iyeyushe kabisa kwenye lita 10 za maji, kisha mwagilia kwa keni ya bustani huku mwenzako akigeuza mabua kwa uma ili yalowe sawasawa. Weka fungu hilo katika shimo lililotandikwa nailoni, likanyage kwa nguvu hewa itoke, ongeza fungu jingine juu yake, na mwisho funika kwa nailoni na kuweka udongo au mawe juu pasibaki pa kupitisha hewa. Kwa joto la Mwanza, wiki tatu zinatosha.

Katika wiki hizo tatu urea hugeuka kuwa amonia humo humo shimoni, na amonia hiyo hufanya mambo mawili. Kwanza hulegeza viunganishi kati ya lignini, ile sehemu ngumu ya bua isiyomeng'enywa, na nyuzinyuzi zinazoweza kumeng'enywa, na hivyo bakteria hupata mlango wa kuingilia. Pili, sehemu ya nitrojeni hubaki ndani ya mabua, na protini ghafi, yaani ile inayokadiriwa kutokana na nitrojeni, mara nyingi hupanda hadi asilimia 7 au zaidi. Ukifungua shimo, mabua yaliyosindikwa vizuri huwa laini, rangi yake imegeuka kuwa ya kahawia inayoelekea dhahabu, na harufu ya amonia inakufanya ugeuze uso. Yenye ukungu mweupe au mweusi yatupe. Fungua upande mmoja tu, toa ya siku moja, yaanike kivulini usiku kucha harufu ipungue, kisha anza kwa kuyachanganya na mabua ya kawaida na kuongeza kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili.

Mambo mawili ya usalama siwezi kuyaacha. Ndoo yenye maji ya urea isiachwe hata kwa dakika moja mahali ambapo mnyama au mtoto anaweza kuifikia. Vilevile, njia hii ni kwa mabua makavu na duni peke yake: usisindike kwa urea nyasi nzuri za kijani, marando ya viazi wala vilele vya miwa, kwa sababu sukari iliyomo ikikutana na amonia hutengeneza kemikali inayowatia wanyama kichaa, na kemikali hiyo hupita hata kwenye maziwa na kudhuru wanaonyonya.

Mama wa Kwimba

Namshukuru mtaalamu kwa maelezo yake, ambayo nayakubali kama elimu. Hata hivyo, ningependa ndugu yetu wa Misungwi afikirie njia nyingine kabla ya kuchimba shimo. Kusindika mabua kunahitaji nailoni isiyotoboka, mizani, maji ya kuchota na watu wawili kwa siku nzima, na katika kaya nyingi za kwetu maji hayo yatachotwa na mama au watoto. Mwenye kondoo 32 tu, ambao si wote wenye shida sawa, anaweza kuipata nitrojeni hiyo kwa njia isiyohitaji tahadhari kubwa namna hii.

Sisi tunaishi katikati ya ukanda wa pamba. Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa na vinu vikaanza kukamua mbegu, mashudu ya pamba hupatikana kwa bei iliyo chini kuliko ile ya Novemba, na huo ndio wakati wa kununua na kuhifadhi juu ya chaga pakavu. Mashudu yaliyokamuliwa pamoja na maganda huwa na protini kati ya asilimia 20 na 25, na yaliyotolewa maganda hufika 40. Kwa kutumia hesabu ile ile ya mtaalamu, gramu 100 za mashudu ya daraja la chini kwa kondoo mmoja kwa siku huziba karibu pengo lote la gramu 24, nayo haina hatari ya kuua ukikosea kwa gramu chache. Faida yake nyingine ni kwamba sehemu ya protini ya mashudu hupita rumeni bila kuvunjwa na kumfikia kondoo moja kwa moja, jambo ambalo urea haiwezi kulifanya. Kwa jike mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha, hilo ni jambo la maana sana. Angalizo langu ni kwamba mashudu ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli. Kondoo mkubwa huistahimili kwa sababu ya rumeni yake, lakini wana-kondoo ambao rumeni yao haijakomaa wasipewe. Mashudu yenye ukungu yasitumike kwa mnyama yeyote.

Zaidi ya mashudu, tuna mabaki ya mazao, mengi yake ya jamii ya kunde, ambayo tunayatupa bila kujua thamani yake. Majani ya karanga yaliyovunwa yakiwa bado na ukijani, majani ya choroko na kunde, na marando ya viazi vitamu tunayoyaacha shambani tunapochimba viazi vya kutengenezea michembe (viazi vilivyokatwa na kukaushwa), vyote hivyo vina protini maradufu au zaidi ya ile ya mabua ya mpunga. Mimi huyafunga majani ya karanga katika vitita vidogo siku ile ile ya kung'oa na kuyaning'iniza chini ya paa la ghala, kwa sababu yakikaa juani siku nyingi majani yote hupukutika na unabaki na vijiti. Kitita kimoja hugawanywa kwa kondoo watano jioni, baada ya kula mabua.

Na kwa miaka ijayo, panda miti ya malisho ya lusina na gilirisidia kuzunguka boma na kwenye mipaka ya shamba. Majani ya lusina yaliyokauka yana protini zaidi ya asilimia 20. Usizidishe theluthi moja ya chakula chote, kwa sababu lusina ina sumu ya mimosini, ambayo ikizidi huwafanya kondoo wanyonyoke manyoya na kupoteza hamu ya kula. Gilirisidia kondoo huisusa mwanzoni kutokana na harufu yake. Iache inyauke kwa siku moja, nao wataizoea.

Kijana wa Nyegezi

Habari za leo. Nami nina kondoo wachache karibu na ziwa, na nina maswali mawili yanayofanana na haya. Hapa mjini wafugaji wa kuku wa nyama ni wengi na samadi yao hutolewa bure, nami nimesikia kwamba ina nitrojeni nyingi na kwamba wako wanaoilisha ng'ombe. Pia gugumaji limejaa ufukweni na ni la kijani wakati wote wa kiangazi. Je, vitu hivi haviwezi kuchanganywa na mabua badala ya urea au mashudu?

Mtaalamu wa Malisho

Kijana wetu, samadi ya kuku kweli ina nitrojeni nyingi, lakini kwa kondoo naipinga bila kusita. Vyakula vya kuku mara nyingi huongezwa madini ya shaba, na shaba hiyo hutoka na kinyesi. Kondoo ni mnyama mwepesi kuliko ng'ombe na mbuzi kudhurika kwa shaba: shaba hujilimbikiza kwenye ini kwa wiki au miezi bila dalili, kisha siku moja huachiliwa kwenye damu, mnyama anageuka manjano, mkojo unakuwa mwekundu, na anakufa ukiwa huelewi kilichotokea. Samadi hiyo hubeba pia vijidudu vya magonjwa na mabaki ya dawa. Kwa sababu hiyo hiyo ya shaba, unaponunua jiwe la chumvi usichukue lililotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe au kuku. Omba la kondoo.

Gugumaji lina protini inayopita ile ya mabua, lakini zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Kondoo atajaza tumbo kwa maji na kupata chakula kidogo mno, huku mizizi ikibeba matope na, karibu na mji, madini mazito. Zaidi ya hayo, kondoo wanaochungwa kwenye matope ya ufukweni huokota minyoo ya ini inayotokana na konokono wa majini. Hili nalielekeza pia kwa ndugu wa Misungwi: kabla ya kulaumu mabua peke yake, geuza kope za kondoo wako uone rangi ya ndani. Zikiwa nyeupe badala ya nyekundu, wana upungufu wa damu, na hakuna kiasi cha protini kitakachowanenepesha kabla hawajapewa dawa ya minyoo.

Kuhusu hoja za Mama wa Kwimba, nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Kwa kundi la ukubwa huu, mashudu na majani ya kunde yanaweza kutosha katika mwaka ambao bei si mbaya. Msimamo wangu unabaki kwamba mfugaji mwenye rundo la mabua na mashudu yaliyopanda bei anapaswa kujua kusindika, kwa sababu mashudu huongeza protini bila kuyabadilisha mabua yenyewe, ilhali kusindika huyafanya mabua yameng'enyeke zaidi na kondoo ale mengi zaidi.

Wengine wanaamini kuwa kuyakatakata mabua kunaongeza virutubisho. Hakuongezi protini hata kidogo. Hupunguza tu upotevu, na kwa kondoo, ambaye hupenda kuchagua kwa midomo yake myembamba, kukata vipande vidogo sana humnyima nafasi ya kuchagua.

Mfugaji wa Misungwi

Wabeja sana, mtaalamu, na wabeja sana, mama. Nimetazama kope za kondoo sita waliokonda zaidi: wawili ni weupe, nami nitamwita bwana mifugo wa kata awaangalie. Wengine wana rangi nzuri. Nimeamua kusindika shimo moja dogo kwa ajili ya kundi la kawaida na kununua mashudu kwa ajili ya majike wenye mimba. Swali langu la mwisho ni kama majike hao wapewe pia mabua yaliyosindikwa, kama wana-kondoo watakaozaliwa watadhurika wakiyala, na nifanye nini ikiwa kwa bahati mbaya mmoja atakunywa maji ya urea.

Mtaalamu wa Malisho

Uamuzi wako ni mzuri. Majike wenye mimba wanaweza kula mabua yaliyosindikwa mradi wameyazoea polepole na yamepungwa hewa vizuri, lakini wiki sita za mwisho kabla ya kuzaa ndipo mtoto tumboni hukua kwa kasi kubwa zaidi, na nafasi ya chakula tumboni mwa mama hubanwa. Hapo mpe gramu 150 hadi 200 za mashudu kwa siku, pamoja na kiasi cha pumba za mahindi, kwa sababu vijidudu vikipata nitrojeni bila nguvu ya wanga havitaweza kuitumia. Pumba za mpunga zenye maganda mengi hazitakusaidia kwa hilo. Mabua na urea vina upungufu wa salfa, na mabua ya mpunga yana kemikali ya oksalati inayozuia madini ya kalisi yasifyonzwe mwilini, kwa hiyo mchanganyiko wa madini ya kondoo wenye salfa na kalisi uwe horini kila siku.

Wana-kondoo walio chini ya miezi mitatu wasipewe mabua yaliyosindikwa wala chakula chochote chenye urea. Watengee kijizizi kidogo chenye mlango mwembamba ambao mama hawezi kupita, uwawekee humo majani mazuri ya karanga au marando yaliyonyauka.

Kondoo akinywa maji ya urea, dawa ya haraka ni siki. Mnyweshe nusu lita hadi lita moja ya siki, kisha maji baridi mengi, taratibu na bila kuinua kichwa juu sana ili visiingie mapafuni. Siki huipunguza kasi amonia kuingia kwenye damu, na maji baridi hupunguza kasi ya urea kuvunjika. Nunua chupa kadhaa za siki na uziweke nyumbani kabla ya siku ya kusindika, kwa kuwa muda ulio nao hautatosha kwenda dukani Usagara na kurudi. Mpigie bwana mifugo wakati huo huo mwingine akiwa anamnywesha.